Uyoga Wangu na Gogo la Bi Mkunga

Jumatatu, 4 Machi

Mpwa wangu alifika saa kumi jioni, macho mekundu. Uyoga wake wa utafiti, aliouweka stoo ya chuo, umeota ukungu. Kuvu imeliwa na kuvu. Nilicheka peke yangu.

Kumbe si jambo la kuchekesha. Jumatano ijayo anasimama mbele ya maprofesa watatu na jedwali la mimea kumi na mmoja na uyoga mmoja. Mimea ipo, uyoga hakuna. Asipoupata, anarudia mwaka mzima.

Nikamuuliza analia nini, na mjomba wake ana mifuko ishirini ya uyoga kwenye bafu la zamani? Naulima tangu nilipostaafu kufundisha kemia. Mweupe, laini, kila kofia kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

Ukuta wetu una masikio. Bi Mkunga, jirani yetu, aliyezalisha nusu ya mtaa huu kabla ya kustaafu, akapaza sauti kutoka upande wa pili kwamba yeye pia ana uyoga, ule wa kahawia unaoota kwenye gogo lake. Nikamwambia ule si uyoga, ni masikio ya mzee aliyelalia tope. Akajibu kwamba wangu umelelewa chumbani kama mtoto wa kudekezwa, hata jua haulijui.

Mpwa wangu akaamua: kila mmoja alete wake Alhamisi, maabara ya chuo. Wenye nguvu zaidi utaingia kwenye jedwali, na jina la mwenyewe kwenye ukurasa wa shukrani.

Miaka thelathini na minne nimeandika ubaoni, na kila jioni ubao ukafutwa. Nataka jina langu likae mahali pasipofutwa. Ni ombi dogo.

Jumanne, 5 Machi

Nimefikiri usiku kucha, na sasa nina mpango.

Kwanza niandike elimu, maana shajara bila elimu ni umbea. Msumari hushika kutu. Tofaa lililokatwa hugeuka kahawia. Ndani ya mwili nako kuna chembe zenye njaa, zinazonyang'anya jirani zao kitu kidogo zilichopungukiwa. Antioksidanti, ndiyo anayoipima mpwa wangu, ni yule tajiri anayempa mwizi mlangoni kabla hajavunja nyumba. Uyoga unao utajiri huo. Majani yanao, mbegu zinazo, magome yanayo. Kila nikiwaza kwamba kitu kinachoota kwenye pumba na giza kina ukarimu wa namna hiyo, navua kofia.

Lakini limau lina vitamini C, tajiri kupita wote. Nimekausha uyoga wangu, nimeusaga, nimeuloweka kwenye maji ya malimau sita, nimeukausha tena. Si udanganyifu. Hata mwanafunzi mwerevu hunywa chai kabla ya mtihani.

Mke wangu akauliza malimau yake yamekwenda wapi. Nikasema nina kikohozi. Akanichemshia dawa chungu ya majani na kusimama mlangoni mpaka nikamaliza kikombe. Kila siku kingine, alisema. Kikohozi cha uongo kina dawa ya kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi!

Maabara ni chumba chembamba chenye dirisha moja na meza ndefu iliyobabuka rangi. Mpwa wangu alivaa koti jeupe, nikamsahau kabisa yule mtoto aliyekuwa akimwaga maziwa kwenye daftari zangu. Mikono yake haina papara. Anavuta tone, anasubiri, anaachia. Mimi katika ujana wangu nilikuwa namwagia mezani.

Kipimo ni rahisi na kizuri kama hadithi. Kuna kimiminika cha zambarau, kimejaa chembe zenye njaa. Ukitia kitu chenye antioksidanti, njaa inatulia na zambarau inafifia kuwa njano. Mashine inasoma kiasi gani imefifia. Pembeni anaweka tyubu ya vitamini C, iwe kipimo cha kulinganishia.

Masikio ya Bi Mkunga yalikwenda polepole. Dakika kumi, zambarau. Dakika ishirini, waridi. Nusu saa, njano hafifu. Wangu? Hata saa haijabonyezwa, njano. Sawia na vitamini C, bega kwa bega.

Bi Mkunga alisimama. Akanipa mkono, akasema mtoto wa kudekezwa kumbe ana misuli, kisha akaondoka bila kuchukua mwavuli wake. Mpwa wangu hakushangilia. Aliitazama tyubu yangu muda mrefu, akaandika kitu, akafunga daftari. Uchovu tu, nadhani.

Ijumaa, 8 Machi

Simu asubuhi. Mpwa wangu anasema kipimo kimoja si kipimo, lazima arudie mara tatu. Kesho atakuja mwenyewe kuchuma uyoga mbichi kutoka kwenye mifuko.

Mbichi!

Niliketi kwenye ndoo nikafikiri. Kisha nikaenda sokoni, nikarudi na malimau ishirini, nikajaza chupa ya kunyunyizia, nikanyunyiza mifuko yote. Mke wangu akapita na kikombe cha dawa. Nikanywa. Akauliza uyoga nao una kikohozi? Nikasema ni tahadhari.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi, mifuko ishirini ya maombolezo. Kofia zimenyauka, zimepata madoa, zimeinama kama darasa lililosahau kazi ya nyumbani.

Mpwa wangu alisimama mlangoni mwa bafu akavuta pumzi. Kulinuka limau kama duka la sabuni. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nakumbuka darasa lake la kidato cha pili, nilipowaambia kwamba kila kitu kina mwendo wake na mkemia mzuri hutazama mwendo, si mwisho tu. Nikasema nakumbuka. Akasema, "Mjomba, vitamini C hukimbia. Uyoga hutembea. Wako Alhamisi ulikimbia."

Alijua tangu nusu dakika ya kwanza. Alikuja akitumaini kwamba amekosea.

Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kumpigia makofi. Nani alimfundisha msichana huyu? Mimi! Niliona niandike hilo.

Nikakiri yote. Akasema jedwali lake haliwezi kubeba namba yenye shaka. Maprofesa wakimuuliza atajibu nini? Unaobaki ni uyoga wa Bi Mkunga tu, na mpwa wangu anahitaji mwingi zaidi, leo hii. Wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta, tukasikia shoka.

Nilikimbia. Magoti yangu hayakukubaliana na uamuzi huo. Bi Mkunga alikuwa ameliinua shoka juu ya lile gogo. Alisema gogo lililoshindwa na bafu halina kazi isipokuwa kuni. Sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikalikalia gogo.

Akaniambia niondoke, Mwalimu, shoka halina macho. Nikabaki. Nikaeleza malimau sita, kisha ishirini, kisha kikohozi. Alishusha shoka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema amezalisha watoto wakaidi maisha yake yote, lakini hajaona kitu kilichotoka kwa shida kama ukweli wangu.

Kisha akamchumia mpwa wangu masikio yote, moja moja, kwa vidole vilevile vilivyopokea vichwa vya watoto. Hakuchana hata moja. Nilitazama nikiwa bado nimekaa. Mpwa wangu alilazimika kunivuta niinuke.

Jumatano, 13 Machi

Amefaulu. Alisimama mbele ya wale watatu kwa saa nzima, na sauti haikutetemeka. Mmoja alimuuliza kama watu sasa wale uyoga wa magogo wasizeeke. Akajibu kwamba tyubu si tumbo. Yeye amepima kilichotokea kwenye tyubu, mengine yangali yanatafutwa. Nilikaa nyuma, nikapenga kamasi kwa sauti. Mke wangu akasema kikohozi kimerudi.

Ukurasa wa shukrani: Bi Mkunga, kwa uyoga. Chini yake, mjomba, "aliyenifundisha kutazama mwendo." Nimeusoma mara tisa. Haufutiki.

Jioni nikamwomba Bi Mkunga msamaha rasmi. Nikaahidi kwamba limau halitagusa tena uyoga wangu. Mke wangu alikuwa shahidi. Dawa imesitishwa.

Mpwa wangu anasema mwezi ujao chuo kinaanza kupima magome ya miti, na wakazi wanakaribishwa kuleta. Bi Mkunga tayari anaukagua mpera wake. Mimi nina mti mmoja tu nyuma ya nyumba, mnyonge, sina hakika hata ni mti gani.

Nimetafakari sana somo la wiki hii. Kosa langu liko wazi: limau lina haraka. Chai nyeusi, iliyokolea, hutembea polepole kabisa, kama gome.

Nimeloweka vipande vitatu vya gome la mti wangu. Mke wangu ameuliza majani ya chai yamekwenda wapi. Nimemwambia tumbo linanisumbua. Amekwenda jikoni kuchemsha kitu.