Gugumaji Lipewe Uenyekiti wa Bwawa

Bongwe, Ukunda.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Bwawa, baba mkubwa Alfani,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu tukionana ana kwa ana ulimi hunikauka. Kwa heshima zote, naomba ujiuzulu, na kiti chako kipewe gugumaji. Sababu zangu ni hizi:

1. Gugumaji halikosi kazini. Kamati ina watu tisa na fulana za kijani. Gugumaji halina fulana, na bwawa lote limekuwa kijani.

2. Siku ya mweria, kijiji kizima kilipoitwa kung'oa kwa pamoja, mlianza kwa dua, mkafuatisha pilau, kisha mkagundua kuwa jua limekuwa kali. Kilichong'olewa kilitosha kupigwa picha tu. Mkakirundika pale pale ukingoni, upande wa juu. Mvua ya Jumanne ikakirudisha chote majini, salama salimini. Shuleni tunafundishwa kwa Kiingereza kuwa mmea huu ni mvamizi. Mvamizi gani huyu anayepikiwa pilau?

3. Mbuzi wa bibi Bimkubwa alidhani gugu ni malisho, akalikanyaga. Tuliona pembe, kisha hatukuona pembe. Mkaja kutoa pole, mkasema, "Kazi ya Mungu hiyo." Sasa bibi, na miaka yake sabini na mbili, hulitoboa gugu kwa mti ndipo achote maji. Mimi husimama nyuma nimemshika leso aliyojifunga, maana yeye hata pembe hana.

4. Mkutanoni uliuliza kwa ukali, "Nani aliyelileta dudu hili?" Nikainua mkono. Ukasema mbele ya watu wote, "Mwanangu, choo kiko nyuma ya madrasa, nenda tu." Wakacheka. Nikaenda. Gugumaji halijawahi kumkatiza mtu.

Nisalimie mama mkubwa Mwanaima, na wajumbe wote wanane, wakiamka.

Mwanao mtiifu,
Twaiba

Nimesahau: mkono ule haukuwa wa choo. Gugu nililileta mimi, shina moja ndani ya kopo la maziwa, kutoka bustani ya hoteli kule Diani anakofanya kazi kaka Feisal. Lilikuwa na ua la zambarau, nikaona bwawa letu nalo lipendeze. Kwa hiyo usijiuzulu. Jumamosi asubuhi nitaingia kung'oa, ingawa sijui kuogelea. Ukiniona nimeinua mkono, baba mkubwa, tafadhali usinioneshe choo.