Uzinduzi wa Barabara Isiyo na Magari

Inatangazwa kwa wanachama wote wa Umoja wa Waswahili wa Birmingham na Vitongoji Vyake kwamba Mheshimiwa Mwenyekiti, baada ya kuombwa sana na yeye mwenyewe, ameridhia kwenda Ufaransa kuzindua barabara ya baiskeli.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo, na lilikuwa na mihuri miwili, kwa sababu muhuri mmoja hushukiwa. Barabara yenyewe ilikuwapo kwa miaka ishirini. Zamani ilikuwa njia ya reli. Reli ikang'olewa, ikamwagwa lami, na tangu hapo Wafaransa hupita na baiskeli zao katikati ya mashamba ya alizeti bila kukutana na gari hata moja. Mwenyekiti Ahmada alipoelezwa hayo alisikitika kiungwana. Miaka ishirini yote hiyo, alisema, watu wamekuwa wakiitumia tu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuizindua.

Mwanachama wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mwanakhamis, mama wa Kizanzibari mwenye miaka hamsini na mbili, anayelea wazee katika nyumba moja ya Harborne. Baiskeli alijifunza akiwa na arobaini na nane, bustanini, pamoja na kina mama wenzake waliokuwa wakianguka kwa zamu. Miaka miwili iliyopita gari lilimgonga kwa nyuma mtaani Alum Rock, mbele ya duka la vitambaa. Dereva alishuka, akakagua bampa lake, akaondoka. Tangu siku ile, kila akipanda baiskeli, shingo yake husikiliza nyuma. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, na alikiombea likizo miezi minane kabla: siku sita za kuendesha bila gari mgongoni.

Kikao cha maandalizi kilikaa juu ya mkahawa mmoja wa Balsall Heath, harufu ya mchuzi wa balti ikipanda ngazi pamoja na wajumbe. Ronny, kijana wa Kikenya aliyeteuliwa Afisa Itifaki kwa kuwa anayo suti, alisoma mpangilio wa msafara. Waendesha baiskeli watatangulia wawili wawili, wakipiga kengele mfululizo badala ya ving'ora. Nyuma yao itafuata Mercedes ya Mwenyekiti, ikipepea bendera.

Mwanakhamis alinyoosha mkono.

"Samahani, Mwenyekiti. Barabara ile si haina magari?"

"Ndiyo maana nikaichagua," alisema Mwenyekiti. "Wameshayaondoa. Kwetu mkubwa akipita, magari yanasimamishwa nusu saa na watu wananung'unika. Wenzetu wameyaondoa miaka ishirini kabla sijafika. Huo ndio ustaarabu."

Wajumbe walipiga makofi, kwa kuwa hoja ilikuwa nzito.

"Kwani wewe hupandi baskeli?" aliuliza Mwanakhamis.

Ronny alikohoa. "Mama Mwanakhamis, hiyo swali iko out of order. Chair ako na majukumu."

"Majukumu hayapandi baskeli?"

"Yanapanda gari," alisema Ronny, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu.

Kwa utovu ule wa nidhamu, kikao kilimpangia Mwanakhamis nafasi maalumu: wa mwisho kabisa, hatua tano kutoka bampa la Mercedes. Kisha likapitishwa Azimio Namba Nne, lililotungwa na Mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti akishaondoka, msafara wote utaondoka, wala hakuna atakayesimama kwa sababu yoyote ile, maana msafara wa mkubwa ukisimama njiani hufanana na foleni. Alilisoma mara mbili kwa jinsi lilivyompendeza, akaligonga mihuri yote miwili.

Mwanakhamis alirudi nyumbani kwa basi akiwa na hasira mpaka masikio yakamwuma. Dunia nzima ameipata barabara moja isiyo na magari, na gari moja litakaloingia humo litakuwa nyuma yake yeye.

Siku ya uzinduzi, saa tatu asubuhi, wanachama ishirini na wawili walijipanga Ufaransa, mbele ya stesheni ya zamani ya ile reli, ambayo sasa ni kibanda cha krepu, zile chapati nyembamba za Kifaransa, kinachoendeshwa na bibi mmoja mwenye aproni ya mistari. Bendera ya Mercedes ilikuwa na vishada vya dhahabu, kazi ya fundi wa Alum Rock. Na katikati ya barabara palisimama nguzo ya chuma, nyekundu kwa nyeupe, yenye kufuli.

Mwenyekiti aliipigia nguzo honi. Nguzo haikuonyesha ushirikiano. Akaitwa Bisimwa, mzaliwa wa Bukavu na Mtafsiri Rasmi, akazungumze na bibi.

"Papa Prezida," alirudi Bisimwa, "huyu mama anasema gari haiingie. Hii ni njia ya makinga tu." Kinga ndiyo baiskeli huko kwao.

"Mwambie mimi ni Mwenyekiti."

Bisimwa akamwambia. Bibi akageuza krepu yake.

"Anauliza, wa nini?"

"Mpe barua."

Bibi alifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma barua ya Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Aliitazama mihuri, akairudisha kwa mikono miwili.

"Anasema ni barua muzuri sana. Lakini ufunguo ni ya ambulansi. Anauliza kama uko mugonjwa."

Ronny alishauri suala hilo litafakariwe. Mwenyekiti hakuona sababu ya kuugua mbele ya wanachama. Alitangaza kwamba lango hili halina hadhi, kwamba anakwenda kutafuta lenye hadhi, na kwamba wamsubiri. Mercedes ikarudi nyuma, ikaondoka.

Wakasubiri. Ikafika saa nne, ikafika saa tano. Wengine walikuwa kwenye krepu ya tatu. Mwanakhamis alikaa juu ya kiti cha baiskeli yake, mguu mmoja chini, akiitazama barabara iliyonyooka na kuingia kwenye kivuli cha miti. Siku ya kwanza kati ya siku zake sita ilikuwa inaliwa mbele ya macho yake.

"Ronny, mwanangu," alisema, "hebu nisomee Namba Nne."

Ronny alisoma.

"Mwenyekiti ameondoka, hajaondoka?"

"Ameondoka. But amesema tumngoje."

"Kusubiri amesema kwa mdomo. Azimio lina mihuri mingapi?"

Ronny aligeuza karatasi, ingawa alikuwa anajua. "Mbili."

"Basi twendeni."

Wakaipita nguzo mmoja mmoja. Kwa kilomita tatu za kwanza shingo ya Mwanakhamis ilisikiliza nyuma kwa mazoea. Ilikuta upepo, minyororo, na Bisimwa anayeimba pambio la kanisani kwao. Kufika kilomita ya sita shingo ililegea yenyewe. Aligundua kuwa analia kwa furaha, na akaona bora aendelee kulia huku akiendesha, maana kusimama kulikwishakatazwa.

Kwenye kilomita ya kumi na nne simu ya Ronny iliita, akaifungulia sauti. Mwenyekiti alikuwa kwenye foleni. Ilikuwa siku ya gulio, mbele yake kulikuwa na trekta lenye trela la nyasi, na kila lango alilolifikia lilikuwa na nguzo, na kila nguzo ilikuwa na kufuli.

"Mko wapi?"

"Kilomita ya kumi na nne, Chair."

"Simameni hapo hapo."

"Chair, Namba Nne inakataza."

"Naitengua."

"Kutengua inataka kikao, Chair. Na quorum yote iko kwa baiskeli."

Waliporudi stesheni alasiri, jua limewaunguza pua, walimkuta Mwenyekiti ndani ya Mercedes mbele ya nguzo ile ile ya asubuhi. Bendera ilikuwa imelala. Tangazo liliahidi picha yake kwenye jiwe la kilomita ya kwanza, na Birmingham nzima ilikuwa inaiulizia picha hiyo tangu adhuhuri. Alimwita Mwanakhamis dirishani, peke yake.

"Bi Mwanakhamis, mie baskeli siijui."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Tangu tangazo." Mwanakhamis aliinama kidogo. "Na mie nilikuwa siijui. Nimejifunza nina arubaini na nane, na magoti haya. Kesho asubuhi n'takufundisha."

Mwenyekiti aliipima fursa hiyo ya kujifunza jambo katika umri wake. "Na picha?" aliuliza.

Kama Mwanakhamis alikuwa na huruma kidogo, iliishia hapo. Alikwenda kwa bibi, wakazungumza kwa vidole, akarudi akisukuma baiskeli yenye sanduku mbele, ambayo bibi hubebea unga na maziwa. Sharti lake lilikuwa fupi. Ufunguo wa Mercedes utatundikwa kibandani, kando ya ule wa ambulansi, mpaka siku ya sita.

Mwenyekiti alitazama saa, akatazama simu, akautoa ufunguo kwa vidole viwili. Kisha akapanda sandukuni, magoti yakigusa kidevu, tai ikiwa imenyooka. Ronny aliing'oa bendera kwenye gari, akaifunga mbele ya sanduku, kwa kuwa itifaki ni itifaki. Wanachama walijipanga wawili wawili, wakaanza kupiga kengele mfululizo.

"Polepole, Bi Mwanakhamis. Nikisema simama, usimame."

"Namba Nne, Mwenyekiti."

Kwenye nguzo bibi alitoka na mwiko wake mkononi. Alilitazama sanduku, akaitazama bendera, akamtazama aliyemo. Kisha akasogea pembeni na kusema neno fupi. Watu wote wakamgeukia Bisimwa, ambaye alisita kidogo, lakini cheo chake ni Mtafsiri Rasmi.

"Anasema tupite," alisema. "Mizigo inaruhusiwa."