Nilivyokunywa Kahawa ya Prefe

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu wenye viatu vinavyong'aa. Nawaandikia kwa simu ya mjomba wa hapa Masisi, taratibu. (Mnajua mimi kuandika ni kama kupanda mlima na mzigo. Mnivumilie.)

Mama alinituma kutoka Buleusa na mfuko wa kahawa. Alikuwa amesikia kwamba Masisi kuna mama mmoja amefungua nyumba ya kahawa, anakaanga mwenyewe, na anatafuta kahawa nzuri ya kununua. Mwaka huu wachuuzi hawakufika kwetu. Kahawa ya mama imejaa nyumbani, tunalala nayo kama ndugu. Kwa hiyo aliponisindikiza hakusema mengi. "Usituletee aibu. Na chenye watakupa, kunywa."

Nikatembea, nikapanda pikipiki, nikapita Kibua, nikatembea tena. Leo asubuhi nikaingia Masisi, ukungu bado umelala juu ya malisho, watu wa maziwa wanateremka na vidumu vyao. Sikujua ile nyumba iko wapi. (Ndevu zimeanza kuota, lakini kumwuliza mtu njia bado kunanitoa jasho.)

Harufu ndiyo iliyonishika mkono. Kahawa inakaangwa ndani ya chungu, na tangawizi kidogo pembeni. Nikasimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikanipigia honi. Mara ya mwisho kusikia harufu ile ilikuwa kwa koko, mama wa mama yangu, kabla hajafariki.

Ninyi tuliokua pamoja mnakumbuka. Mvua ikianza asubuhi, hakuna kwenda shambani. Koko anakaanga kahawa kwenye chungu chake kilichomeguka ukingo, anaitwanga, anaipika. Kikombe kilikuwa kimoja tu, cha bati, chenye ua jekundu lililobanduka nusu. Koko anaonja kwanza, ili kila mtu aone hakuna ubaya ndani. Halafu kikombe kinazunguka moto. Unakunywa kidogo, unapangusa ukingo kwa kiganja, unampa jirani. Huombi, wala husemi neno. Ukikiona kimewekwa mbele yako, ujue zamu yako imefika. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nilipata machicha ya chini. Hadi leo nayapenda machicha. Koko alipokufa, kikombe hakikuzunguka tena. Mama analima kahawa, anaiuza, yeye anakunywa maji.

Basi nikaifuata harufu mpaka kwenye nyumba ya mbao, karibu na pale motari, waendesha pikipiki, wanapongojea abiria. Ndani kuna meza moja ndefu na mabenchi. Nikajibana katikati ya papa mmoja, mtu mzima mwenye kravati shingoni, na motari mwenye koti la mvua. Mfuko nikauweka miguuni. Binti anayehudumia akaniuliza nakunywa nini. Nikasema nangojea mama mwenye nyumba. (Kahawa niliitaka sana. Lakini nilikuwa nimeshatoa maneno, mengine yakakataa kutoka.)

Yule papa mwenye kravati akanywa kidogo. Simu yake ikalia. Akageuka upande wa dirisha kutafuta rezo, simu ishike vizuri, na kikombe akakiweka mezani. Mbele yangu kabisa.

Nikakitazama. Moshi unapanda. Nikajiambia, kumbe na huku mjini wanakunywa kama kwa koko. Nikakumbuka neno la mama, chenye watakupa, kunywa. Nikakishika kwa mikono miwili.

Jamani. Ilikuwa ileile. Nikafumba macho, nikasikia mvua juu ya majani ya migomba, nikasikia koko anakohoa karibu na moto. Kwa kawaida unakunywa kidogo. Mimi nilikunywa kama mtu aliyekosa kahawa tangu utotoni, na ndiyo ilikuwa hivyo. Halafu, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikapangusa ukingo kwa kiganja nikampa motari.

Motari akapokea. Akanishukuru sana, akamaliza, akalamba na midomo.

Papa akamaliza kuongea. Mkono wake ukarudi mezani bila macho. Ukapapasa. Hakuna kitu. Ukapapasa tena. Akaangalia chini ya meza. Akamwita binti, akamwuliza kikombe chake kiko wapi. Binti akasema, "Prefe, niliiweka pale mbele yako." Hapo ndipo nikajua ni prefe, mkuu wa shule ya sekondari. Mimi ambaye shule niliiacha darasa la sita.

Motari akaanza kutoka jasho. "Prefe, mimi, huyu kaka njo amenipa. Nilizani ameninunulia."

Nyumba nzima ikageuka kuniangalia. Prefe akavua miwani. "Kijana, ulikunywa kahawa yangu?"

Nilikuwa na maelezo mengi kuhusu koko, mvua na kikombe cha ua jekundu. Yote yalikimbia. Likabaki moja.

"Papa, nilizani zamu yangu imefika."

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Nikasimama, nikatoka mbio, nikavuka barabara. Nilipofika kwenye pikipiki za abiria nikakumbuka mfuko. Mfuko wa mama! Ulibaki ndani, chini ya meza, karibu na viatu vya prefe.

(Kutoka kwa aibu ni rahisi. Jaribuni kurudi.)

Nikarudi, macho chini. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka jikoni, amefungua mfuko, anatafuna punje moja. Akauliza kahawa ni ya nani. Motari akasema ni ya ule wa zamu. Mama akanitazama, akaniuliza kule kwetu tunakunywaje. Nikamweleza, nikiongea na vidole vyangu vya miguu. Hakucheka. Akachukua konzi ya kahawa yetu, akaikaanga palepale, akaitwanga, akaipika. Sisi tukangoja. Sijawahi kukaa kwenye benchi gumu namna ile.

Akamimina kikombe kimoja. Akaonja yeye kwanza. Akampa prefe, maana aliidai nyumba kahawa yake. Prefe akanywa. Akanywa tena. Mimi nikawaza kahawa yote inayolala nasi Buleusa.

Ndipo prefe akapangusa ukingo kwa kiganja chake, akanisogezea kikombe.

"Haya kijana. Zamu yako."

Wakaanza kucheka upya, na mimi nikanywa huku machozi yakinitoka. (Ilikuwa ya moto. Semeni hivyo.) Mama mwenye nyumba akasema mwambie mama yako alete yote iliyobaki.

Sasa siwezi kupita pale kwa motari. Wakiniona wanaitana, "Zamu imefika!" Ninyi wa Buleusa, mama akiwauliza, mwambieni tu kahawa imepokelewa vizuri. Ya prefe tuachieni mjomba na mimi. Na kama kucheka hamuwezi kujizuia, basi chekeni kwa zamu.