Sinki la Wodi ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mama amelazwa wodi ya tatu, wodi ya mifupa, ninayoisafisha mimi mwenyewe. Alipanda kigoda kushusha jora la kitambaa, kigoda kikamtupa. Mkono wa kulia, vipande viwili!

Tena sinki lililo karibu na kitanda chake limekutwa na bakteria. Daktari amesema hamwekei mtu chuma mfupani humu mpaka sinki lipimwe na kuonekana safi, maana wadudu hao wakikipata chuma hufanya makazi hapo na kuwatoa ni kazi. Wodi nyingine zimejaa. Na mfupa hausubiri: zikipita wiki mbili utaanza kuunga upande, na mama ni fundi cherehani. Hata hii sare yangu kaishona yeye.

Usihofu, mama. Nina mpango: klorini maradufu.

Nimempelekea supu yangu ya maini na maziwa. Maini ya damu, maziwa ya mifupa. Ubunifu wangu mwenyewe! Nilikwenda kusuuza mopu, kurudi bakuli tupu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemimina. Wodi nzima ikakohoa. Mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye tangu alazwe hajathubutu kushika magongo, alitoka nayo nje mbio. Mimi nayahesabu hayo kuwa mafanikio. Sista Mkuu hakuyahesabu hivyo, akanipa vidonge vyangu mbele za watu.

Mfanya usafi wa wodi ya pili alikuwepo, akacheka mpaka akakaa chini. Tunamwita Bi Brashi kwa sababu haachani na brashi yake. Sinki lake halijawahi kukutwa na kitu. Simpendi.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu ya maabara: wapo. Wameongezeka!

Dada wa maabara alinieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Kumbe bakteria hujijengea utando wa ute, ule utelezi unaoushika ndani ya mtungi usiooshwa. Dawa huua wa juu, wa chini wamejifunika wanaendelea na maisha yao. Lazima kwanza kusugua kwa brashi na sabuni mpaka utelezi uishe, ndipo klorini ya kipimo, iachwe dakika kumi.

Bi Brashi akajitolea kuniazima brashi. Mimi? Nikasema ahsante, sina shida. Nimebandika karatasi kwenye sinki: LIMEHARIBIKA. Wadudu wasipopata maji watakufa kwa kiu.

Mama kamaliza supu tena. Namwongezea maini.

Jumamosi, 8 Machi

Hawakufa. Sinki linanuka. Dada wa maabara kasema maji yakituama bombani ndiyo raha yao. Sista Mkuu kaichana karatasi yangu vipande vinne.

Mama ananiuliza kama ninakula vizuri. Mkono umemvimba, vidole havishiki sindano, naye anauliza habari za tumbo langu. Nilikwenda stoo nikalia kidogo kati ya ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa tatu. Nimeng'arisha koki mpaka nikauona uso wangu, kisha nikamwomba dada wa maabara achukue sampuli hapo hapo. Akanitazama. Akaingiza kijiti chake chenye pamba kwenye tundu la sinki, akatoka na kipande cha ini.

Macho yakanitoka pima! Akasema mtu anamwaga chakula humu, anawalisha wadudu kila siku. Nikasema ni njama. Ninamshuku mgonjwa wa kitanda cha tano, ana sura ya hila. Bi Brashi alimtazama mama, kisha akatazama dari.

Jumanne, 11 Machi

Saa saba mchana. Nilijificha nyuma ya pazia la kitanda cha tano kumnasa mhalifu.

Alikuwa mama. Alishuka kitandani polepole, bakuli mkono wa kushoto, akaimimina supu yangu yote, akafungulia maji, akalifuta bakuli kwa upande wa khanga yake ili nilikute safi.

Nikatoka. Hakushtuka. Alisema supu ile hainyweki, mwanangu, lakini ninakuja nayo nimeikumbatia kama mtoto mchanga, atanikatalia vipi? Kisha akasema kama angejua inamcheleweshea chuma chake, angeimwaga dirishani. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nampenda mno mama yangu.

Jioni nilimwendea Bi Brashi kuomba brashi. Hakunicheka, alikuja nazo mbili. Fundi bomba akabadilisha bomba la chini, sisi tukasugua lililobaki mpaka mabega yakafa ganzi. Kisha klorini ya kipimo. Dakika kumi mama alizihesabu kitandani kwa sauti, na mgonjwa wa kitanda cha tano akimsaidia. Mtu mwema sana yule.

Ijumaa, 14 Machi

Safi! Dada wa maabara karudia kupima mara mbili. Mama anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi. Siku ya kumi na mbili. Daktari anasema tumewahi.

Jumapili, 30 Machi

Mama yuko nyumbani. Chuma kimekaa vizuri. Jana alitunga uzi kwenye sindano kwa mkono wake wa kulia, mimi nikajifanya ninatafuta kitu chini ya meza.

Nimelifikiria sana kosa langu, nimeligundua: yalikuwa maini. Sasa ninapika kwa samaki, maziwa ni yale yale. Mama kaionja, akasema safari hii nimepatia. Akaniomba nikamfuatie chumvi kwa jirani. Kurudi, bakuli tupu! Nimefurahi mno. Kesho nampikia sufuria nzima.

Ila sinki la jikoni limeanza kunuka, na ndani lina utelezi. Bi Brashi alipopita kumjulia hali mama alisema ataniletea brashi. Nikamwambia asijisumbue. Nina klorini ndoo mbili.