Nduma wa Zombe

Alhamisi, 3 Oktoba 1935

Siku ya soko. Mbuni hayuko! Nimefika kwenye ua wa Bishar mapema, kofia ya kanisa kichwani, nikakuta kamba tupu na manyoya mawili. Bishar ni mfanyabiashara wa mbuzi hapa Zombe, mtu wa kaskazini, na kando ya duka lake amefuga wanyama wa kutazamwa. Hatulipi kitu. Tunatazama, koo zinakauka, tunanunua chai na sukari kwake. Asema mbuni alikuwa anakunywa maji ya mbuzi kumi, na ukame huu, kwa hivyo amempeleka kwa Mzungu mmoja wa Athi. Wamebaki fisi wa miguu mitatu, digidigi wawili na kobe.

Sisi watazamaji hatukuulizwa! Mama Syokau alizunguka ua mara mbili, akasema kobe hata shambani kwake wapo. Akamwita binti yake Nthenya waende zao. Miezi mitano sasa Nthenya husimama karibu nami kwenye ua huo kila Alhamisi, mimi nikimweleza tabia za mbuni. Hakuna mahali pengine Zombe ninapoweza kusimama karibu naye bila watu kuuliza maswali. Ua ukifungwa nimekwisha.

Hata hivyo nashukuru. Bishar ameniona nimenyong'onyea akanipa daftari hili la duka, lililoliwa na panya pembeni tu. Nitaandika mipango yangu humu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimegundua kwamba fisi hapendwi kwa sababu hakuna anayemsifu. Nthenya alikuja dukani kununua chumvi, nikamwita kwenye ua. Nikamwambia fisi huyu anaelewa Kikamba, na ukimsalimia kwa heshima anainama. Nikainama mimi kwanza, kumwonyesha.

Ameila kofia yangu. Yote, na utepe wake.

Na nani alikuwa hapo ameegemea baiskeli? Mwalimu Mbuvi! Mwalimu Mbuvi hufundisha shule ya misheni, ana baiskeli, ana kalamu mbili mfukoni, na wino katika moja tu. Alimwambia Nthenya kwamba hii ni mara ya kwanza fisi kuonja kanisa. Nthenya alicheka hadi akaangusha chumvi. Sijui alikuwa anacheka na nani. Ila namshukuru Mungu sana, maana kichwa kilikuwa ndani ya kofia hiyo dakika moja kabla.

Jumatatu, 7 Oktoba

Habari mbaya. Bishar asema watazamaji wamepungua na chai inapoa kwenye birika. Soko la tarehe kumi na saba lisipojaza watu uani, atawaachilia digidigi na kobe, fisi atajua mwenyewe, na ua utakuwa wa mbuzi. Nilimwuliza kama atabadili nia akipata mnyama mpya. Akasema mnyama wa maana, ndiyo, lakini yeye hatagharamia hata ukucha.

Nimefikiri mchana kutwa chini ya paa la duka. Nimempata! Nduma! Mnyama mwembamba wa madoa, ana mbio kuliko gari, na usoni ana mistari miwili myeusi kama aliyelia. Nthenya ana moyo mwororo. Akiona mnyama anayelia hatatoka uani hadi jua litue.

Jumanne, 8 Oktoba

Mambo yamekwenda vizuri ajabu. Daud, dereva wa lori la Bishar, alikuwa anaondoka na mbuzi kwenda Nairobi. Nikapanda kwenye ngazi ya lori, injini inanguruma, nikamwambia aniletee nduma. Akauliza, nduma? Nikasema, nduma! Kubwa, zenye afya! Akasema huko ni rahisi kupata, watu wanauza sokoni kila asubuhi. Wanauzwa sokoni! Nairobi ni mji mwingine kabisa.

Nimempa vibuyu viwili vya asali akabadilishane nayo. Roho iliniuma. Nilikuwa na vitatu, na vyote vilikuwa vya kupeleka kwa baba yake Nthenya siku ya kwenda kumposa. Lakini bila nduma nitaposa nani?

Mbuvi alikuwa hapo, akataka kuniandikia agizo kwenye karatasi lisije likapotea njiani. Nilikataa. Najua hila zake. Angeandika jina lake chini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Uani leo tulikuwa watu wanne na kobe. Nimetangaza nduma kwa sauti kubwa, nikaeleza madoa, mbio na machozi. Mama Syokau akauliza anakula nini. Nikasema nyama. Akarudi kwenye chai yake, maana hata sisi nyama hatujaiona tangu Agosti, na unga wenyewe ni wa kupimia kiganjani. Nthenya alisimama karibu nami muda wa kumaliza kikombe cha chai, akauliza kama nduma anaruka. Nikamwambia akitaka. Siku tamu sana, nashukuru kwa kila kitu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Watu walijaa! Wengine wamelala njiani kutoka Tulia. Bishar mwenyewe alinishika mkono akaniita ndugu Ndululu. Saa nne lori likaingia. Watu wakarudi nyuma, kina mama wakashika watoto. Daud akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akashusha gunia. Halafu la pili. Halafu la tatu.

Nikamwambia afungue polepole, wasije wakakimbia. Akanitazama sana. Akalikung'uta gunia la kwanza, vitu vikabingirika chini. Viazi! Viazi virefu vya rangi ya udongo, vina nywele! Huku kwetu kukavu hakuna aliyewahi kuviona. Mzee mmoja akasema, asi, kumbe bado wamelala. Mwingine akakigusa kimoja kwa fimbo. Mimi, Mungu anisamehe, nikasema hawa ni watoto wa nduma, madoa huja baadaye.

Mbuvi akapasuka kwa kicheko. Akaeleza mbele ya umati wote kwamba hiki ni chakula cha watu wa mabonde yenye maji. Akasema nimeitisha nduma badala ya nduma. Eti kuna n mwanzoni ambayo sisi Wakamba tunaiweka pasipotakiwa. Sasa hayo ni maneno ya mtu mzima? Nduma na nduma! Nilimwambia arudie, akarudia, na ni kitu kilekile.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Nthenya, aliyekuwa amecheka hadi akakaa chini, alifuta macho, akauliza kama vinaliwa. Daud akasema huchemshwa. Basi! Mama Syokau akavunja kuni, Bishar akatoa sufuria zake zote za duka, na kufikia saa nane Zombe nzima ilikuwa imekaa kuzunguka ua, inakula. Watoto walikula wakaomba tena, na walipewa. Mama mmoja nisiyemjua alinishika mikono miwili. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Mbuvi alikuwa na haraka ya kutuonyesha kinavyoliwa, akala kimoja kabla hakijaiva. Koo lilimwasha hadi jioni na hakuweza kutamka neno. Nashukuru mara mbili.

Bishar ameuza sukari yote. Wanyama wanabaki, na fisi amepewa maganda.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nthenya amekuja kurudisha sufuria. Akaniambia, akitazama chini, kwamba yeye mbuni hakumpenda kamwe. Ana shingo ya kutisha. Alikuwa anakuja kusikia ninavyomweleza, kwa sababu nusu si kweli na alikuwa anacheka njia yote kwenda nyumbani, na mwaka huu kucheka ni adimu. Akasema baba yake yuko nyumbani Jumapili, na kibuyu kimoja cha asali kinatosha. Nikaingia stoo ya Bishar nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilikuwa tayari kwenda. Nimeoga, nimeshika kibuyu cha mwisho. Halafu nikafikiri. Msichana mpole atasema tu kimoja kinatosha. Mtu aliyelisha Zombe hawezi kuingia kwa mkwe na kibuyu kimoja!

Baba yake ana silanga, bwawa la maji ya mvua, imekauka kidogo, lakini mvua i karibu. Kiboko! Mnyama mkubwa kuliko lori, analala majini, hana kelele. Na jina lake halina n popote. Nimejifunza.

Nimemkuta Daud akitia maji kwenye lori, nikampa asali yote. Akauliza, kiboko? Nikatamka mara tatu, taratibu: ki-bo-ko. Akauliza kirefu au kifupi. Nikasema kirefu, kinene, kisichochoka. Akasema basi hakuna haja ya kufika Nairobi, kuna fundi viatu hapo Kitui ana vingi nyuma ya duka. Sikujua! Fundi viatu, na bado anafuga!

Nimemwagiza akipeleke moja kwa moja kwa baba yake Nthenya, kesho asubuhi, mbele ya ukoo wote. Akauliza aseme nini. Nikamwambia aseme kimetoka kwa Ndululu, kwa upendo, na kwamba natamani nyumba nzima wakione.

Daud ameweka kibuyu chini ya kiti. Akaniahidi kwamba watakiona. Namshukuru sana.