Y ni Yetu

Jumatatu, 5 Juni 1989

Leo nimejua kitu. Kompyuta ni shamba!

Sikuwa najua. Hiyo mashine imekaa hapa kwa chuo ya taipu ya Mzee Gichuru tangu Februari. Mimi ndiye naipanguza vumbi kila asubuhi kabla sijaweka chai kwa jiko, na hakuna mtu amewahi kuniambia. Leo ndio Jeconia, fundi yake, yule mwanaume wa miwani anakujanga na pikipiki, ameketi na Mzee akamwelezea. Ati ndani kuna diski. Diski ukubwa wake ni arobaini. Arobaini ya nini hakusema. Lakini hii mashine haijui kulima zaidi ya thelathini na mbili. Zile nane zingine zimelala tu.

Nane! Zimelala bure! Na vile watu wanalilia mashamba hapa Uasin Gishu! Karibu nimwage chai.

Jeconia anasema lazima ifanyiwe patisheni. Nikadhani ni ile ceiling board tumeweka kwa nyumba yetu mtaa ya Huruma kutenganisha kitanda na jiko. Nikauliza misumari iko wapi. Waceke akacheka mpaka akashika meza.

Huyu Waceke ndiye typist. Anaketi na kompyuta siku mzima kama amezaliwa nayo. Tuko naye pia kwa kikundi yetu ya akina mama. Jumamosi tulichomoa namba za plot zetu za Munyaka, plot ishirini. Mimi nikachomoa kumi na nne. Kona! Kwa barabara! Hapo najenga kiosk ya chai na mandazi, jina kubwa mbele, MAMA GERISHON. Waceke akachomoa tisa. Tisa ni ile ya chini, ya vyura.

Leo chairlady wetu, Mama Nelima, ameleta ile karatasi ya namba iandikwe kwa kompyuta, ipelekwe kwa surveyor. Waceke akaandika. Kuprint haikuwezekana, ribon ya wino imekwisha, mpya inatoka Nairobi Ijumaa. Karatasi ikabaki kwa meza.

Sasa kama namba ziko ndani ya mashine, karatasi ni ya nini tena? Makaa ilikuwa imenyeshewa. Nashukuru hiyo karatasi. Ilishika moto vizuri sana.

Jumanne, 6 Juni

Nimeamka na wazo mbaya. Namba yangu iko kwa mashine. Mashine iko kwa mkono ya Waceke. Waceke yuko kwa vyura. Kuweka tisa hapa na kumi na nne pale, hiyo ni dakika ngapi?

Nikampelekea chai ya kwanza, yenye maziwa mingi. Nikamuuliza polepole kama hizo namba zinaweza kubadilika. Akasema haziwezi, mpaka mtu azibadilishe. Nikauliza mtu gani. Akasema yeyote ameketi hapa. Nikamuangalia. Akaniangalia. Akaitisha sukari.

Amekubali kabisa!

Baadaye wanaume wakakaa kuamua ile mambo ya kugawa. Mzee anataka ikatwe katikati, ishirini ya barua za ofisi, ishirini ya wanafunzi, vile yeye na ndugu yake walikata shamba ya baba yao. Jeconia akakataa. Anasema ile thelathini na mbili, ambayo inaitwa C, tayari imejaa vitu. Ukisongesha mpaka, kila kitu ndani inapotea. Afadhali C ikae vile iko, zile nane ziitwe D. Na hata hiyo hataigusa kabla hajatoa vitu vyote akaviweka kwa diskette.

Mimi nilikuwa napanguza dirisha. Nikasema hiyo ni uongo. Munyaka nimeona bikoni, ile jiwe ya mpaka, ikisongeshwa na sukuma wiki ziko shambani, na hakuna hata jani moja ilianguka. Mzee akaniambia Mama Gerishon, panguza dirisha. Jeconia akasema mama, huku ndani hakuna sukuma.

Nikamfuata mpaka kwa pikipiki. Nikamuuliza kama mtu wa C anaweza kuingia D ovyo ovyo. Akasema mpaka aandike D kwanza.

Hapo ndio nilikuwa nataka! Hiyo ni ua. Hiyo ni seng'enge! Namba zetu zikiwekwa D, Waceke atazisikia tu kwa umbali.

Jioni nimeandika application. Kwa Bwana Jeconia, Mgawaji. Kikundi ya akina mama inaomba D yote. Nitaiweka kwa mfuko ya koti yake na mandazi mbili.

Jumatano, 7 Juni

Jeconia alikula mandazi. Application akarudisha. Ati D ni ya wanafunzi, na akina mama wako sawa kwa C pamoja na kazi ya Waceke.

Pamoja na Waceke! Fisi amepewa kuangalia mbuzi!

Nikaenda kwa Mama Nelima. Nikamwambia Waceke atageuza namba. Akaniuliza kama nimemuona akigeuza. Nikasema bado. Akasema nirudi nikimuona.

Basi nikaambia watu wachache tu hapo kwa mfereji ya maji Huruma. Watu saba. Labda kumi. Sikutaja jina. Nilisema tu kuna mtu wa kupiga taipu, jina inaanza na Wa, hapendi vyura.

Kufika saa kumi na moja maneno imeshanirudia. Ati ni mimi! Ati Mama Gerishon ameonekana akigeuza namba ndani ya kompyuta! Na pliers!

Watu wa Huruma wanapenda udaku. Sijui wanatoanga wapi.

Alhamisi, 8 Juni

Leo ilikuwa siku.

Jeconia alianza asubuhi kuweka vitu kwa diskette. Barua za Mzee zikaingia zote. Akafika kazi ya Waceke, diskette zikaisha. Akasema anaenda tao kula na kununua zingine, mtu asiguse. Kwa mashine akaacha ile ukurasa ya kugawa, alikuwa anaonyesha Mzee. Mzee akaenda baraza kwa D.O. Waceke akaenda lunch.

Nikabaki mimi, unga ya mandazi, na picha ya Rais kwa ukuta. Nikaigeuzia mgongo kwa heshima.

Nikasoma. Nilifika darasa la nne, Kizungu ya kompyuta si ngumu vile wanajifanya. Kulikuwa na moja, mbili, tatu, nne. Iko wazi. Ya kwanza ni ya Mzee. Ya pili ni ya wanafunzi. Ya tatu ni yetu. Nikafinya tatu.

Ikaandika maneno mingi. Nikatafuta ile najua. Nikaona DATA. Dada! Wamekosea herufi moja tu. Akina dada ni nani kama si kikundi yetu? Nikajua niko mahali panafaa.

Halafu ikaniuliza swali. Y au N?

Hiyo hata mtoto wa nasari anajua. Y ni Yetu. N ni Nyinyi.

Nikafinya Y. Nikaifinya na nguvu, ndio isisahau.

Mashine ikasema kitu fupi, ikanyamaza. Nikarudi kwa unga yangu nikiimba.

Saa nane Jeconia akarudi. Akagusa. Akazima, akawasha. Akashika kichwa. Akasema C imefutwa, imeenda yote. Nikamuuliza imeenda wapi na mlango umefungwa. Nikamwambia labda ni stima.

Akainama kwa zile kibonye. Mzee alikuwa amerudi kutoka baraza, akamwita. Kulikuwa na unga kwa tatu. Kulikuwa na unga kwa Y. Kwingine kote kulikuwa kusafi, kwa sababu mimi hupanguza.

Mzee akaangalia mikono yangu. Nikaiweka nyuma.

Waceke ndiye alinitetea, ati mama hakujua. Akasema kazi yake mwenyewe ataandika upya, na ile ya akina mama pia si shida, si karatasi ya Mama Nelima iko hapo kwa meza?

Wote wakaangalia meza.

Mimi nikaangalia jiko.

Ngai, Mungu wangu. Kumi na nne yangu!

Ijumaa, 9 Juni

Ribon imefika kutoka Nairobi. Hakuna kitu ya kuprint.

Nilijua leo nitafutwa. Nikakuja na leso yangu mzuri, ya kwenda nayo nyumbani. Lakini sikiza! Jeconia alisema kama diski sasa ni tupu, inaweza kugawanywa vile mtu anapenda. Basi Mzee amekatiwa ishirini kwa ishirini, katikati kabisa, vile alitaka. Amezunguka hiyo kompyuta mara tatu kama mtu amepewa title deed. Akasema ubaya wa mtu wakati mwingine huwa na faida.

Karibu nijitokeze nipewe asante. Lakini Waceke alikuwa anasikiza.

Nimeonywa tu. Nisiguse zile kibonye. Kupanguza ni nje peke yake, na Waceke akiwa ameketi hapo.

Mama Nelima ameitisha mkutano Jumapili baada ya kanisa. Sina wasiwasi. Namba yangu iko kwa kichwa. Nani atanikataza?

Jumapili, 11 Juni

Mama Nelima alituweka kwa uwanja ya kanisa. Akasema tutafanya mlolongo, kama uchaguzi ya mwaka jana. Ataita namba, mwenye hiyo namba apange laini. Na kila mtu aogope Mungu.

Akaita moja, mtu mmoja. Akaita mbili, mtu mmoja. Nikasema tuko watu wazuri.

Akaita tisa. Waceke akatoka. Akasimama peke yake, na handbag yake, akiangalia chini.

Akaita kumi na nne. Nikatoka mbio nikawa wa kwanza. Nikaangalia nyuma. Haiya! Tuko watu kumi na moja! Hata Mama Kimutai, ambaye alichomoa tatu na akalia mbele yangu! Nikawaambia wezi nyinyi. Mama Kimutai akaniambia mwenye pliers anyamaze. Watu wakacheka mpaka pastor akatoka nje.

Nikaapa kumi na nne ni yangu. Wale kumi wengine wakaapa pia. Wao waliapa vizuri kuliko mimi.

Mama Nelima akatembea mlolongo wote, akafika kwa Waceke. Akasema hapa hakuna mtu anaweza kudanganya ndio apewe vyura. Huyu ndiye peke yake tuna hakika anasema ukweli. Kona ni yake!

Watu wakapiga makofi. Mikono yangu pia ilipiga, sijui ni nani aliituma.

Wengine tukachomoa upya. Nikafunga macho, nikaomba, nikachomoa.

Tisa.

Waceke akakuja baadaye. Akasema mama, mimi sina kiosk, weka yako hapo kwa kona yangu, tutaelewana. Na ile uso tu ya upole. Anataka nini huyu? Nimemwambia nitafikiria.

Ujanja kubwa sana! Kusimama kwa vyura ndio upewe barabara! Mimi singewaza hiyo hata nikilala mwaka.

Jumatatu, 12 Juni

Nimekaa nikafikiria, na kosa nimeiona.

Haikuwa karatasi. Haikuwa maneno kule kwa mfereji. Haikuwa hata ile tatu. Ilikuwa herufi.

Y haikuwa Yetu. Y ilikuwa Yao! Ndio maana vitu vyote vilienda kwao. Ile yenye nilikuwa nafaa kufinya ni N. N ni Ni-yangu. Iko hapo, wazi, na mimi nikaipita kama kipofu!

Waceke ameandika namba mpya leo. Zitaprintiwa Jumatano. Na kesho Jeconia anarudi na ile ukurasa yake, anataka kuonyesha Mzee vile ishirini na ishirini zimekaa. Saa saba lazima ataenda lunch. Hata Waceke lazima atakula.

Nitafinya N.

Na safari hii nitanawa mikono kwanza.