Jani la Kuzuia Uzee

Jumatatu, 3 Juni
Mama Watoto amepiga simu. Anakuja Jumamosi, kwa basi la asubuhi! Hatujaonana tangu nilipokuja kutafuta kazi huku mbali. Nimefurahi mpaka nikajitazama kwenye kioo. Furaha ikaisha. Aliagana na kijana, atapokelewa na gunia. Miaka yote hii nimebeba magunia ya majani hapa karakanani, wanapoyakamua yawe dawa, sasa tumefanana. Hata Daktari, mwenye karakana, huniita mzee.

Lakini akili ninayo. Leo Daktari amewaambia wageni kwamba maji ya majani yetu huzuia mafuta yasichache, na kwamba mna kitu ndani yake kinachopigana na uzee. Tena kukitoa hatumii kemikali za sumu. Ni maji ya uvuguvugu tu, na mashine inayoyatikisa majani kwa sauti mpaka yateme yaliyomo. Maji ninayo. Majani nayabeba mgongoni. Nimekosa nini?

Jumanne, 4 Juni
Nimeomba majani mabovu, nikasema ni ya mbolea. Uongo mdogo. Nimeyachemsha mpaka yakawa kama lami. Uvuguvugu ni wa watu wenye subira. Nimejipaka uso, masikio, shingo. Nimelala chali kama maiti.

Jumatano, 5 Juni
Uso kijani! Nimesugua kwa sabuni ya kufulia. Kilichotoka ni sabuni. Mlinzi wa getini amenizuia, akauliza huyu mjusi nampeleka wapi. Amenizidi umri, na mashavu yake laini kama ya mtoto. Anasema siri ni usingizi. Naamini. Hulala zamu nzima.

Alhamisi, 6 Juni
Daktari ameniona. Hakugomba. Ameniketisha juu ya gunia, akauliza anakuja nani. Nikamwambia. Akasema moto mkali unaua kile kitu kizuri kilichomo ndani ya jani.

"Na mafuta yaliyokwisha kuchacha hayarudi, mzee wangu. Jani linazuia. Halirudishi."

Nimeelewa vizuri sana. Nisichemshe.

Ijumaa, 7 Juni
Maji ya uvuguvugu, kama alivyosema. Mashine ya sauti sina, lakini redio ninayo. Nimeweka chupa ya majani juu ya spika, nikafungulia mpaka mwisho. Taarifa ya habari, mpira, matangazo ya vifo, yote yamepita humo. Jirani amegonga ukuta akiuliza kama nimekuwa kiziwi. Nikamjibu kwamba napika. Jioni nimekunywa chupa nzima. Sasa tumbo nalo linatangaza.

Jumamosi, 8 Juni
Kituo cha mabasi. Nimejificha nyuma ya nguzo, kofia mpaka machoni. Nilitaka nimwone kwanza, nijipe moyo. Wapi! Ameshuka, amekuja moja kwa moja, akanivua kofia. Akayatazama masikio yangu, akauliza kama huku wanatulisha majani.

Ndipo nikaiona shingo yake. Michirizi myeusi! Rangi ya nywele, imemtiririka kwa joto la basi. Akajifunika kichwa kwa mikono.

"Niliogopa hutanijua, Baba Watoto."

Nikamwambia ningemjua hata gizani. Akalowesha ncha ya leso kwa mate, akanisugua sikio kama mtoto mtukutu. Nami nikaichukua leso hiyo hiyo, nikamfuta shingo, taratibu. Watu wa mizigo wamepiga kelele tuwapishe. Hatukuwapisha.

Jumapili, 9 Juni
Bado amelala. Mvi zimetokeza juu ya sikio. Anakoroma, mdomo wazi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Alhamisi basi litamrudisha.

Nimeyawaza tena maneno ya Daktari. Jani halirudishi, linazuia. Sasa ndiyo nimeelewa! Kosa langu lilikuwa kujipaka mapema. Siku ya kujipaka ni leo, sote wawili, tubaki hivi hivi tulivyo.

Mlinzi ana redio kubwa kuliko yangu. Nakwenda kumwamsha aniazime, kabla Mama Watoto hajafumbua macho.